Laptopu ya kubeba, nilivyoipima kwenye mizani ya parachichi

Bega la kulia ndo lilinisukuma nitafute laptopu nyingine. Miaka mitatu nimebeba ile ya zamani, inchi 15.6, zile zenye namba pembeni ya kibodi, karibu kila siku Uyole, Igawilo, Isyonje, Kiwira mpaka Tukuyu, maana kazi yangu ni kuandikisha mzigo wa wakulima kwenye vituo vya kukusanyia parachichi, jioni nikirudi Mbeya nageuka mwanafunzi, nasoma Chuo Kikuu Huria ambako sehemu kubwa unasoma mwenyewe na PDF zako. Kwa hiyo laptopu hiyo hiyo asubuhi ni ofisi, usiku ni darasa, na hapo katikati ni mzigo tu umelala mapajani kwenye Kosta siti ya nyuma huku konda anakwambia dada sogea kidogo, nisogee wapi sasa na mimi nimebeba meza.

Siku moja kituoni kreti zilikuwa hazijafika nikawaambia vijana wa mizani hebu nipimieni hili begi. Wakaliweka. Laptopu, chaja yake ile yenye tofali katikati, daftari moja na begi lenyewe: kilo 4.1. Kijana mmoja akapaza sauti "kilo nne nukta moja, mkulima nani tuandike?" watu wakacheka, mimi nikacheka pia ila usiku nilipojilaza nikawa nawaza, kilo nne kila siku, na hicho kitu chenyewe ukikitoa kwenye umeme kinazima ndani ya dakika ishirini.

Ngoja niseme nilivyoipata maana kosa lilianzia hapo. Niliingia duka moja Mwanjelwa, sitalitaja, nikamwambia muuzaji nataka laptopu nzuri ya kazi. Akanitolea moja ina stika ya Core i7, akaigonga ile stika kwa kidole kama anagonga mlango, "hii i7 dada, hii hata ukitaka kuedit video". Nikalipa. Sikuuliza i7 ya lini. Kumbe ilikuwa gen ya 2, yaani kizazi cha pili, prosesa (ule ubongo wa mashine) za mwaka 2011, ndani ina kori mbili tu, yaani vichwa viwili vya kufanyia kazi, na inakula umeme kama pasi. Yule muuzaji hakunidanganya, i7 ilikuwa i7 kweli, shida ni kwamba mimi nilinunua stika.

Mtu aliyenifungua macho ni fundi mmoja wa Kabwe ambaye namwita kaka japo nadhani nimemzidi umri. Nilimpelekea ile kubwa akiangalie kile kifeni kinachopiga kelele, akaniambia dada kwenye laptopu zenye prosesa za Intel usisome i5 au i7, soma namba inayofuata baada ya kistari. i5-8250U, hiyo 8 ya mwanzo ni gen ya 8. i7-7500U, hiyo ni gen ya 7, na hapo hapo akanionyesha kichekesho chenyewe, hiyo i7 ya gen ya 7 ina kori mbili, wakati i5-8250U iliyokuja baada yake ina kori nne, kwa hiyo yule anayejisifia i7 anaweza kuachwa na wa i5 mchana kweupe. Kuanzia gen ya 10 zinakuwa tarakimu mbili, i5-1135G7 ni gen ya 11, sio ya kwanza, kuna duka niliingia baadae muuzaji akaniambia hiyo "ni gen ya kwanza mama, ya zamani hiyo" akataka nichukue ingine ya bei juu. Nikanyamaza tu. Na herufi ya mwisho nayo ina kazi, U ni zile zinazotumia umeme kidogo, H na HQ zina nguvu lakini betri utalia.

Alafu kuna hili la Windows, na hapa ndo watu wengi wanaotafuta za mtumba wanapigwa sasa hivi. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu wao inataka Intel kuanzia gen ya 8 kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0. Ndo maana unaona madukani mashine nyingi za gen ya 6 na ya 7 zimeshuka bei ghafla, tena safi tu, zinang'aa. Mafundi wanaweza kukulazimishia Windows 11 humo na ikawaka, nimeona kwa macho yangu, lakini kama unafanyia kazi za watu na hela za watu bora uanzie gen ya 8 uishi kwa amani. Mimi nikaweka huo ndo mstari wangu, chini ya hapo hata kama ni bure sichukui. Eti bure. Nani akupe bure Mwanjelwa.

Basi nikajiwekea laki saba na nikatafuta Jumamosi tatu mfululizo, Mwanjelwa, Kabwe, mpaka Soweto kule. Nilikuwa natafuta kitu chenye kilo moja na nusu kushuka chini, kioo cha inchi 13 au 14, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8, SSD (diski ya kasi ya kuhifadhia vitu), na betri ya kuvuka siku ya kituoni. Hii ya betri ndo nataka niongee sana maana ndo nimejifunzia humo.

Kila muuzaji ukimuuliza betri anasema "inakaa masaa manne". Wote. Kama wamekaa kikao. Sasa fundi wangu alinifundisha kitu cha dakika moja ambacho nakuomba ukifanye hata kama muuzaji ananuna. Unaandika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, kinafunguka kile kidirisha cheusi, unaandika powercfg /batteryreport unabonyeza Enter, inakutengenezea faili na kukuonyesha limehifadhiwa wapi, unalifungua kama ukurasa wa intaneti. Humo tafuta namba mbili, design capacity, yaani betri ilipotoka kiwandani ilibeba kiasi gani, na full charge capacity, leo inabeba kiasi gani. Duka la pili nililoingia nikakuta mashine moja nzuri kweli, nyepesi, imefutwa mpaka inanukia, kiwandani betri ilikuwa 50,000 hivi na sasa ni 31,000. Hizo ni miliwati saa, gawa kwa elfu moja unapata wati saa, 50 na 31. Laptopu ndogo ya gen ya 8 ukiwa unaandika Word na kufungua kurasa mbili tatu inakula kama wati saa 8 kila saa, kwa hiyo 50 ingekupa masaa sita na kidogo, na hiyo 31 haifiki manne. Na hapo ni mwanga wa kioo ukiwa umeupunguza, ukiupandisha juu kwa sababu umekaa nje kwenye banda la kituo na jua la Kiwira limeamua kutoka siku hiyo, hesabu inashuka tena. Muuzaji akasema hiyo ripoti ni ya uongo. Nikamuuliza uongo wa nani sasa, si mashine yake mwenyewe ndo imesema.

Kwanini nakomaa na betri hivi? Kwa sababu kuna siku ya msimu, mvua ya huku Rungwe si unaijua ikiamua, umeme ukakatika saa nne asubuhi, mashine ikafa saa nne na robo, nikaandika wakulima sitini na kitu kwenye daftari kwa kalamu, na usiku nimefika nyumbani nimelowa nikaanza kuingiza upya kwenye Excel mpaka saa saba, na asaimenti yangu ilikuwa inafunga saa sita usiku ule ule. Ilifunga. Mwalimu alinielewa lakini maksi ni maksi.

Duka la tatu nikakutana na kitu ambacho hakuna mtu alinionya. Mashine safi, betri 90 kwa mia, bei nzuri kuliko zote, nikasema Mungu kanikumbuka. Nikafungua Word nijaribu kibodi, nikaandika "kazi yangu" kwa mazoea ya vidole. Ikatoka "kayi zangu". Nikafuta nikaandika tena, kayi zangu. Kumbe ni mashine iliyotoka Ujerumani, kule kwao Y na Z zimebadilishana nafasi. Jamani, kwa Kiswahili! Lugha ambayo kila neno la pili ni ya, za, yangu, zangu, yao, zao. Muuzaji akasema unaweza kubadilisha kwenye setingi, na kweli unaweza, ukichagua kibodi ya Kiingereza herufi zinatii, ila sasa batani imeandikwa Z wewe unapata Y, na alama za mkato nazo hazipo zilipochorwa. Kama unaandika bila kuangalia kibodi haitakusumbua, mi bado naangalia mara nyingi. Kuna stika za kubandika juu, zinachakaa. Niliiacha na roho iliniuma wiki nzima.

Kuna ndugu yangu yupo Dar akaniambia acha kuhangaika huko milimani, Kariakoo zimejaa, nikutafutie winga, yaani dalali, atume kwa basi. Bei alizonitajia zilikuwa chini kwa elfu hamsini mpaka themanini. Nilijaribiwa. Lakini fikiria, mzigo unasafiri zaidi ya kilomita 800, unafika stendi umeufungua unakuta ripoti ya betri inasema 25,000, unamrudishia nani? Winga namba haipatikani. Na hata akipatikana, nauli ya kurudisha, siku za kusubiri, ile elfu hamsini imeisha. Wapo walioagiza wakapata vitu vizuri, sikatai, mi nilitaka kuishika kabla sijalipa.

Na kuna mambo mengine huwezi kuyaona kwenye picha za WhatsApp. Hizi mashine za ofisi za Ulaya na Marekani nyingi zilikuwa za makampuni, baadhi zinakuja bado zina paswedi ya BIOS, ile menyu ya ndani inayofunguka kabla ya Windows, unaitumia vizuri tu mpaka siku unataka kubadili kitu ndo unakuta mlango umefungwa na mwenye ufunguo yuko ng'ambo. Izime, iwashe, bonyeza F2 au F10 au F1 kutegemea na kampuni, uingie mpaka ndani kabla hujalipa. Na MacBook ndo usiseme, ikiwa bado imeunganishwa na akaunti ya mtu au ya kampuni utabaki na sinia.

Nimeitaja MacBook basi niimalize. Niliitamani Air ya M1, ile ya Novemba 2020, haina feni kabisa, kilo 1.29, na kwa betri hakuna niliyoishika madukani inayoisogelea. Tatizo kwanza hela, nilizoziona zote zilikuwa juu ya milioni. Pili RAM yake huongezi, uliyonunua nayo ndo hiyo mpaka kifo, na programu moja ya ofisini kwetu ni ya Windows tu. Kama wewe kazi yako yote ni kuandika na kusoma na hela ipo, chukua, mi nisingekucheka.

Hilo la RAM kutoongezeka lipo hata kwenye baadhi ya Windows nyepesi. ThinkPad X280 ya Lenovo kwa mfano, ndogo, inchi 12.5, nyepesi mno, mkononi kama kitabu cha hesabu cha darasa la sita, lakini RAM imeunganishwa kwenye ubao wenyewe, ukipata ya 8 ni 8, ukipata ya 4 kwa kutosoma vizuri pole yako. T480 yao ndo ina kitu nilichokipenda, betri mbili, moja ndani moja nje, ile ya nje unaichomoa na kuweka nyingine huku mashine inawaka, kwa mtu wa porini kama mimi hiyo ni dhahabu. Ila ukiweka ile betri kubwa ya nje inakuwa na nundu na kilo zinaanza kurudi kule kule nilikotoka. Nikaiweka ya pili.

Niliyochukua ni HP EliteBook 830 G5. Inchi 13.3, i5 ya gen ya 8, RAM 8 na ina nafasi mbili za RAM kwa hiyo nikipata hela naongeza, SSD 256. Ripoti ya betri ilisoma 44,000 kati ya 50,000 nikaona huyu ni wangu. Kioo ni kile kisichong'aa kama kioo cha kujitazamia, cha 1920 kwa 1080, ukifungua Excel unaona safu nyingi bila kusukuma kulia na kushoto. Angalizo tu, hizi EliteBook zipo zenye kioo cha siri, jirani wa pembeni haoni unachoandika, kwenye Kosta inafaa sana, lakini mwanga wake sikuupenda hata nikiwa nimekaa mbele yake, nikachagua isiyokuwa nacho. Muuzaji, mama mmoja mtaratibu, aliniachia nikakaa nayo dukani karibu saa nzima bila chaja, nikaunganisha hotspoti ya simu, nikafungua PDF zangu za chuo sita kwa pamoja, nikapiga simu ya video nisikie maiki, nikachomeka flashi kila tundu. Saa nzima ikashusha asilimia 17. Alianza na laki saba na ishirini tukaishia laki sita na themanini, risiti na waranti ya mwezi mmoja ya maandishi. Nikamwambia ndaga fijo mama, akacheka, kumbe Mnyakyusa mwenzangu.

Kitu kingine kilichonifurahisha ni kwamba inachaji kwa tundu la USB-C. Chaja ya wati 65 ndogo kama kiberiti kikubwa inachaji laptopu na simu, lile tofali limebaki nyumbani. Pawabenki pia inawezekana ila sio hizi tulizonazo nyingi za kuchaji simu, zinatoa volti 5 na laptopu haitazitambua, lazima iwe imeandikwa PD (Power Delivery, ile ya kuchaji kwa nguvu kubwa) na itoe wati 45 au zaidi. Na usidanganyike na maandishi ya miliampia (mAh), pawabenki ya 20,000 ni sawa na wati saa 74 kwenye karatasi, ikipotea ile inayopotea njiani utaijaza laptopu kama hii mara moja na kidogo. Kwangu inatosha sana.

Nimeishi nayo msimu mmoja sasa. Masaa matano na kitu kituoni, ya kweli. Juni na Julai asubuhi kule Isyonje baridi inauma mpaka vidole havipigi kibodi na betri naona inashuka haraka kidogo kuliko siku za joto, nikifika ndani penye moto siiwashi hapo hapo, naiacha kwenye begi kama dakika ishirini isije ikatoa jasho ndani. Mvua za radi nachomoa chaja kabisa, jirani yetu alipoteza TV na friji siku moja. Vumbi la Septemba na Oktoba ndo adui anayebaki, kila mwezi napuliza matundu ya feni, na fundi wangu wa Kabwe anaifungua mara moja kwa mwaka.

Ile kubwa ipo nyumbani imechomekwa kwenye umeme moja kwa moja, mdogo wangu anaangalizia muvi, i7 yake na stika yake.

Wiki ya kwanza nilivyoenda nayo kituoni vijana wa mizani wenyewe ndo waliomba begi. Laptopu, chaja, daftari na begi: kilo 2.3. Yule yule kijana akasema "mama umepungukiwa mzigo, kuna parachichi saba zimeibiwa humu". Nikamwambia zibaki huko huko zilikoibiwa. Sasa hivi bosi wangu naye anataka yake, ameniambia nimtafutie Core i7 ya inchi 17, Jumamosi naenda naye Mwanjelwa na nimemwomba aje na lile begi lake la sasa, tupitie kituoni kwanza.